Kuaga si Kuomba

Ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini, ukapita Sikonge, unafika Ipole, na hapo barabara inagawanyika. Moja inakwenda Koga hadi Mpanda. Nyingine inashika msitu wa miombo hadi Rungwa, takriban kilomita 170, kisha Makongolosi, Chunya na hatimaye Mbeya. Ukikaa njia panda hiyo asubuhi utaona baiskeli. Nyingi ni za kazi: keria imefungwa kamba za mpira, juu yake ndoo tupu, kiroba cha unga, sufuria, blanketi na pampu. Mwenyewe ni mrina asali anayeingia msituni, na atakaa kambini wiki mbili au tatu. Mara chache sana hupita mtu wa namna nyingine: kofia ngumu kichwani, kaptura ya kubana, chupa za maji kwenye fremu, simu usukanini inayohesabu kilomita. Huyu habebi chochote cha kuuza. Anakwenda kwa sababu anataka kwenda.

Wote wawili wameacha watu nyumbani. Wa kwanza tunamwita mtafutaji. Wa pili, hasa akiwa na mke na mtoto mdogo, tunamwita mbinafsi. Nataka kuuliza kama tofauti hiyo inasimama.

Nauliza kwa sababu nimo ndani ya swali. Nina miaka 27, naandika tasnifu ya uzamili katika falsafa, nina mke na binti wa mwaka mmoja na nusu, na kwa miaka minne sasa nimekuwa na hamu ya kutoka Tabora hadi Mbeya kwa baiskeli kupitia Ipole na Rungwa. Ni zaidi ya kilomita 500, sehemu kubwa vumbi, na katikati yake kuna mbung'o na wanyamapori. Nimepanga siku sita. Watu wakisikia siku sita wanasema, kwani tatizo liko wapi? Mke wangu, ambaye ni mhasibu, alipiga hesabu nyingine. Ili mwili uziweze siku hizo sita, ninahitaji Jumamosi za miezi sita, kila moja saa sita barabarani. Jumamosi 26 mara saa sita ni saa 156, yaani siku sita na nusu nzima, usiku na mchana. Hapo bado usingizi wa alasiri baada ya mazoezi, wakati mtoto yuko macho. Safari yenyewe ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa hulipwa nyumbani, kidogo kidogo, kabla mtu hajafunga mzigo.

Jibu la kwanza ambalo watu hunipa ni la riziki. Mrina asali anaondoka ili watoto wale, na Tabora ndio mkoa unaosifika nchini kwa asali, kwa hiyo kuondoka kwake ni sehemu ya malezi. Mimi naondoka ili nifurahi. Jibu hili lina ukweli ambao sitaki kuudharau. Ada ya shule inayotoka kwenye mzinga ni ada ya kweli, na hakuna anayelipa ada kwa kilomita za kwenye simu.

Lakini tazama upande wa anayebaki. Homa ya mtoto saa nane usiku haiulizi baba amekwenda kurina asali au kushindana na mwili wake. Maji ni yale yale na kuni ni zile zile. Kama uzito wa kubaki ni mmoja, basi riziki inaeleza kwa nini mtu ameondoka, ila haipunguzi mzigo wa aliyebaki hata kidogo.

Halafu riziki na furaha hazikai mbalimbali kama tunavyodhani. Nina mjomba Ipole ambaye ameingia msituni kwa baiskeli tangu ujana wake. Siku moja nilimuuliza kama angeacha kwenda iwapo asali ingekosa bei.

"Mjomba, asali ilishawahi kukosa bei," akanijibu. "Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kukagua mizinga." Akanyamaza kidogo, akacheka. "Na kupumzika na kelele za nyumbani."

Mkewe alikuwa pembeni anapepeta mchele. Hakucheka. Alisema tu, bila kuinua macho, "Na mie napumzikia wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mjomba si mtu mbaya, na familia yake imesomeshwa na msitu ule. Lakini neno "riziki" lilikuwa limefunika kitu kingine kwa miaka yote hiyo: kwamba kazi yake ilimpa pia ukimya, uhuru na heshima ya mtu anayejua njia, na kwamba vitu hivyo havikuwa na mgawo nyumbani.

Mimi mwenyewe nimefunikwa na neno kama hilo. Mwaka wa kwanza wa uzamili nilikuwa Dar es Salaam na mke wangu Tabora na mtoto mchanga. Miezi tisa. Hakuna aliyeniita mbinafsi. Walisema nasoma kwa ajili ya familia, nami nilikubali sifa hiyo, ingawa kila anayesoma falsafa anajua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuichagua kwa ajili ya mshahara. Sasa nataka siku sita kwa baiskeli na watu wanashtuka. Kwa hiyo hukumu yetu haifuati muda wa kutokuwepo. Inafuata jina ambalo kutokuwepo kumepewa.

Jibu la pili ni la mafanikio: ukifika, utaeleweka. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alilipa swali hili umbo lake maarufu mwaka 1976 katika makala kuhusu bahati na maadili. Alimtumia mchoraji kama Paul Gauguin, aliyeiacha familia yake na baadaye akaenda Tahiti kuchora. Williams alidai kwamba mchoraji wa namna hiyo hawezi kujua mapema kama uamuzi wake una haki. Ni mafanikio tu yanayoweza kuupa haki, na mafanikio yana bahati ndani yake. Hata hivyo Williams mwenyewe aliona kwamba walioachwa wanaweza kubaki na lawama halali hata kama michoro ikatoka mizuri.

Nimelipima wazo hili kwa watu wa baiskeli. Mwaka 2017 Mark Beaumont, Mskoti na baba wa mabinti wawili, aliizunguka dunia kwa siku 78, saa 14 na dakika 40, karibu kilomita 29,000, akikaa kwenye baiskeli kama saa 16 kwa siku. Alifika, na dunia ikampigia makofi. Mwaka 2022, mwezi Agosti, Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa Timu Amani na mshindi wa tatu wa Tour du Rwanda ya 2017, alianguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Aliacha mke na watoto watatu.

Ukifuata hoja ya mafanikio hadi mwisho, utalazimika kusema kwamba Beaumont alikuwa na haki ya kuondoka na Kangangi hakuwa nayo, kwa sababu mmoja alirudi na mwingine hakurudi. Siwezi kusema hivyo, na sidhani kama yupo mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki anayeweza. Kangangi alikuwa kazini. Alikuwa akijaribu kufungua mlango ili vijana wa huku wafike kwenye mashindano ambayo yalikuwa ya wengine. Kifo chake ni msiba, na msiba hautoi hukumu juu ya uamuzi wa kuondoka. Kama safari ilikuwa na haki, ilikuwa nayo asubuhi ile kabla ya kuanza.

Mafanikio yana kasoro nyingine: hulipwa mahali pasipokuwa na deni. Katika historia ya Tabora hakuna msafiri mashuhuri kuliko David Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa Kwihara bado inaonyeshwa wageni. Agosti 1872 aliondoka hapo kuelekea kusini, hakurudi akiwa hai. Dunia ilimpa kaburi Westminster Abbey. Lakini mkewe, Mary, alikuwa ameachwa Uingereza na watoto kuanzia 1852 hadi 1856, katika shida ya fedha na upweke, na mwaka 1862 alifia Shupanga, kando ya Zambezi, alikokuwa amemfuata. Mtoto wao Robert alifia kifungoni akiwa mfungwa wa vita huko Marekani mwaka 1864. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba alijutia kutotenga muda wa kucheza na watoto wake. Sifa zake zilikwenda kwake. Wadai walikuwa watoto, na Westminster haiwezi kuwalipa.

Jibu la tatu lina sura mbili zinazogombana. Wahamasishaji wa mitandaoni husema: ishi ndoto yako, maisha ni mara moja. Wazee husema: ukishaoa, maisha si yako tena. Nadhani pande zote zina kosa moja. Zote zinaona Jumamosi kama mali yenye mwenyewe mmoja, zikibishana tu kama mwenyewe ni mimi au ni familia. Na "familia" katika usemi huo ni neno la hatari, kwa sababu mara nyingi humaanisha watu wote wa nyumbani isipokuwa mama. Yeye hahesabiwi kama mtu anayeweza kuwa na safari yake.

Mwanga niliupata kwa wapagazi. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini Ufipa. Wanyamwezi walibeba mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, kwa zaidi ya kilomita 800 hadi pwani, miezi miwili au mitatu kwenda peke yake. Kwa kijana, kufika pwani kulikuwa pia heshima. Alirudi mtu mwingine. Ukimwondolea biashara, ni yale yale ninayoyatafuta njia ya Rungwa.

Mambo mawili katika historia yao yalinisimamisha. Kwanza, safari ilikuwa na mpaka. Kwa miaka mingi Wanyamwezi waliondoka kiangazi na kutaka kurudi mvua zikianza, kwa sababu mashamba yalingoja. Wasafiri wa kigeni walilalamika sana kwamba hawapati watu wakati wa kulima. Nyumbani kulikuwa na kalenda, na msafara uliiheshimu. Pili, wanawake walikuwa barabarani. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba wake na watoto walisafiri na misafara. Hata msafara uliobeba maiti ya Livingstone, ule wa Susi na Chuma uliopita Kwihara mwaka 1873, ulikuwa na wanawake, akiwamo Halima aliyekuwa mpishi wake na Ntaoeka, mke wa Chuma.

Sitaki kuipamba njia ile. Ilipitisha pia watumwa. Ndui iliua wengi, wapo waliotoweka na wake zao wakalima na kungoja bila habari, na kadiri biashara ilivyokua wapo waliogeuka wapagazi wa mwaka mzima na mvua haikuwarudisha tena. Lakini wapagazi walijua jambo moja ambalo sisi wenye kofia ngumu tumelisahau: safari ndefu ina masharti, na masharti hujadiliwa kabla ya kunyanyua mzigo. Walipatana posho, walipatana ujira, na wasiporidhika walitua mizigo chini.

Lugha yetu inatenganisha vizuri mambo matatu hapa. Kuna kuaga, kuna kuomba ruhusa, na kuna kupatana. Wanaume wengi tunaaga. Tunaaga kwa adabu, tunaacha fedha ya matumizi, tunaahidi kupiga simu. Lakini kuaga huja baada ya uamuzi, na anayeagwa hana la kufanya ila kusema safari njema. Kuomba ruhusa ni afadhali, ila kunamgeuza mke kuwa mlinzi wa geti: akikataa, yeye ndiye aliyeua ndoto, na wengi hukubali ili wasibebe lawama hiyo. Kupatana ni kitu kingine. Ni neno la sokoni. Anayepatana ana kitu chake mezani.

Hapo ndipo naona kipimo cha haki kilipo. Safari ndefu ya mtu mwenye familia ina haki ikiwa anayebaki angeweza kukataa na kukataa kwake kukahesabiwa, ikiwa safari ina mpaka unaojulikana, na ikiwa naye ana zamu. Hiki cha tatu ndicho kigumu. Methali inasema asiyekuwepo na lake halipo. Katika nyumba nyingi kinyume chake ndicho kweli: asiyekuwepo ndiye lake lipo, watu wanauliza amefika wapi, amelala wapi, lini atarudi. Anayebaki yupo, lakini lake halipo.

Ukitaka kujua kama zamu ipo, sikiliza maswali tunayouliza. Mbio za baiskeli za Kanda ya Ziwa hushirikisha wanaume na wanawake. Mwanamume akishinda tunauliza alifanyaje mazoezi. Mwanamke mwenye watoto akishinda, kabla ya mazoezi tunauliza amewaacha watoto na nani. Swali la pili si baya. Ni swali zuri ambalo tumelielekeza kwa nusu ya watu. Laiti Beaumont, mjomba wangu na mimi tungeulizwa kila tunapotoka.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni mahesabu ya duka na upendo hauhesabu. Mwenye upendo hufurahia furaha ya mwenzake. Ni kweli, na nimeiona furaha hiyo usoni mwa mke wangu niliporudi na vumbi hadi kope. Lakini upendo usiohesabu huwa salama pale ambapo wote wawili hawahesabu. Mmoja akiwa hahesabu na mwingine anapokea, miaka kumi baadaye tunapata mtu anayepepeta mchele bila kuinua macho.

Pingamizi kubwa zaidi ni mtoto. Binti yangu hawezi kupatana na mtu. Hajui Rungwa ni nini. Kwake kipimo changu hakitoshi, na nadhani deni letu kwake ni la aina nyingine: wazazi wapatane kwa niaba yake mambo ambayo angeyakataa kama angekuwa na sauti. Hatari ndiyo ya kwanza. Mke wangu ameweka masharti mawili ambayo siyabishii: nisiende peke yangu, na nisiendeshe usiku kati ya Ipole na Rungwa. Hajasema kwamba malori na simba wataheshimu mapatano yetu. Amesema kwamba ile sehemu ya bahati iliyo mikononi mwetu tusiichezee na mtoto wa mtu mwingine, hata kama mtu huyo mwingine ni mimi.

Tulipokaa kupatana, nilikuta kweli kulikuwa na kitu chake mezani. Anataka kufanya mtihani wa CPA wa Novemba, na kikundi chake cha kujisomea hukutana Jumamosi. Jumamosi zile zile. Alikuwa hajalitaja kwa sababu, alivyosema, nilikuwa nimeshachora ramani. Hapakuwa na mshindi wa wazi. Mtihani wake utaongeza mshahara, kwa hiyo hoja ya riziki ingempa yeye Jumamosi zote, lakini yeye mwenyewe aliikataa. Alisema akipewa kwa sababu ya mshahara, basi siku mshahara ukiwa wangu atanyang'anywa. Anautaka mtihani kwa sababu anautaka.

Kwa hiyo tumegawana, Jumamosi moja yake na moja yangu, hadi Novemba. Jumamosi 13 hazitoshi kuuandaa mwili kwa njia ya Rungwa, najua hilo, na kiangazi hiki sitakwenda Mbeya. Nitakwenda Ipole na kurudi, karibu kilomita 200, nilale kwa mjomba usiku mmoja. Sijaridhika. Naandika hivi kwa sababu makala za namna hii hupenda kuishia na mtu aliyetulia, aliyegundua kwamba furaha ilikuwa nyumbani siku zote. Mimi nikibaki na mtoto Jumamosi, uji ukimwagika na nguo zikiningoja, bado naiwaza njia ile. Sioni kama kuna haja ya kujiponya. Hamu ya kwenda mbali haina kosa, wala haimdai mtu yeyote chochote.

Mwakani tutakaa tena. Tukipatana, nitaupita msitu ule hadi Makongolosi. Tusipopatana, nitabaki na hamu. Watu wengi wamebaki na hamu kubwa kuliko hii, na wengi wao hawakuwahi hata kuulizwa.